Hoteli ya Kulm, St. Moritz: Jinsi Majira ya Baridi Yalivyogeuzwa Kuwa Msimu wa Wageni

Mwenye hoteli ya milimani barani Ulaya, katikati ya karne ya 19, alikuwa na tatizo moja lililoyazidi mengine yote. Jengo lake liliingiza fedha kwa miezi mitatu au minne ya kiangazi, ilhali madeni, matengenezo na kodi vilidai malipo mwaka mzima. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha Hoteli ya Kulm, iliyoko St. Moritz katika bonde la Engadin, jimbo la Graubünden, kusini-mashariki mwa Uswisi. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya dau moja la mwaka 1864, ambalo mwenye hoteli aliwekeana na wageni wake Waingereza. Hadithi hiyo ni tamu na ina mafunzo yake, lakini kwa maoni yangu imeficha jambo kubwa zaidi. Dau liliwaleta wageni wachache kwa msimu mmoja. Kilichowafanya wengine waje mwaka baada ya mwaka ni kazi iliyofanyika nje ya kuta za hoteli, juu ya barafu, katika miaka ishirini iliyofuata.

Mahali penyewe panastahili kuelezwa kwanza, kwa sababu bila kupaelewa uamuzi wa mwenye hoteli huonekana kama bahati nasibu. St. Moritz iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chini kando ya ziwa kuna chemchemi za maji yenye madini, na mbao zilizokingia kisima cha kale mahali hapo zimepimwa umri na kubainika kwamba zilitokana na miti iliyokatwa mwaka 1411 kabla ya Kristo. Katika karne ya 16 tabibu Paracelsus aliyasifu maji hayo, na kwa muda mrefu wageni wa bonde hilo walikuwa watu waliokuja kunywa na kuoga maji ya dawa wakati wa kiangazi, kisha wakaondoka kabla ya theluji kuanguka. Kijiji chenyewe kilikuwa na wakazi mia mbili na kitu tu. Reli iliishia Chur, mji mkuu wa jimbo la Graubünden, ambako ilifika mwaka 1858, na kutoka hapo msafiri alipanda gari la posta la kukokotwa na farasi hadi juu ya mapito ya Julier, mita 2,284, kabla ya kuteremka Engadin. Wakati wa baridi magurudumu yaliondolewa na safari ikafanywa kwa sleji, abiria wakiwa wamefunikwa mablanketi na manyoya.

Johannes Badrutt, aliyezaliwa mwaka 1819 katika familia ya Samedan, kijiji cha jirani, alichukua mwaka 1856 nyumba ndogo ya wageni iliyoitwa Pension Faller, baadaye akainunua, akaipanua na kuipa jina la Engadiner Kulm. Ikumbukwe kwamba nyumba hiyo ilikuwa juu, katika sehemu ya kijiji, wala haikuwa chini penye chemchemi. Jambo hili halitiliwi mkazo wa kutosha katika masimulizi ya kawaida, nami naliona kuwa ndilo ufunguo wa kisa chote. Badrutt hakuwa na maji ya dawa ya kuuza. Alichokuwa nacho ni mteremko unaotazama kusini, jua, na mandhari ya ziwa na milima. Mwenye chemchemi angeweza kuridhika na kiangazi chake. Badrutt alilazimika kutafuta kitu ambacho mwenye chemchemi hakuwa nacho.

Simulizi ya dau husema hivi. Mwishoni mwa msimu wa mwaka 1864, wageni wa mwisho wa kiangazi, Waingereza wachache (wengine husema wanne, wengine sita), walikuwa wakijiandaa kurudi kwao. Badrutt akawaambia kwamba majira ya baridi ya Engadin yana jua kali kiasi kwamba saa sita mchana mtu huweza kukaa nje bila koti. Wao, waliokuwa wakiujua ukungu na unyevu wa London, hawakuamini. Basi akawawekea masharti: waje Desemba, na kama maneno yake si kweli atawalipia nauli yote ya kuja na kurudi, kama ni kweli, wakae hotelini kwake kadiri wapendavyo bila kulipa. Walikuja wakati wa Krismasi, inasemekana wakitokwa jasho ndani ya manyoya yao huku mwenyeji akiwapokea kwa mikono ya shati, wakakaa hadi Pasaka, wakarudi Uingereza ngozi zikiwa zimeungua kwa jua. Mwaka 2014 mji wa St. Moritz uliadhimisha miaka 150 ya utalii wa majira ya baridi kwa kuhesabu tangu dau hilo.

Idadi ya wageni hutofautiana kwa kila msimuliaji, na hadithi imepambwa kadiri ilivyorudiwa. Tuyaache mapambo hayo na tuyapime masharti yenyewe kwa macho ya mtu anayeendesha biashara. Badrutt alihatarisha nini hasa? Vyumba vilikuwa vitupu kwa vyovyote vile. Gharama ya kuwakaribisha watu wachache ilikuwa chakula, kuni na ujira wa watumishi wachache, na hata kama angeshindwa, nauli za watu wanne au sita zisingeifilisi nyumba yake. Alichopata ni mashahidi. Waingereza wa tabaka lile walisafiri kwa kuambiana. Barua ya rafiki ilikuwa na uzito kuliko tangazo lolote la gazeti, na mtu aliyekaa miezi minne mahali ambapo kila mtu anapahofia hurudi na habari ambazo watu hutega sikio kuzisikiliza. Kikwazo kilichokuwa mbele ya mgeni hakikuwa bei. Ilikuwa hofu ya kuvuka mlima kwa sleji katikati ya Desemba na kujikuta amefungiwa kwenye shimo la barafu. Badrutt aliiona hofu hiyo, akaibeba yeye mwenyewe badala ya kumwachia mgeni. Namheshimu sana kwa hilo, kwa kuwa wafanyabiashara wengi hupunguza bei pale ambapo mteja anaogopa, kumbe kupunguza bei hakumwondolei mtu hofu.

Lakini ahadi ile ilifaa kwa sababu moja tu: ilikuwa kweli. Engadin ni bonde la ndani, lenye milima mirefu kaskazini na kusini inayozuia sehemu kubwa ya mawingu ya mvua na theluji, hivyo anga lake huwa safi na hewa yake kavu. Usiku baridi huuma sana, lakini hewa baridi ni nzito na hushuka kukaa chini kabisa ya bonde, na ndiyo maana Samedan hujulikana kwa baridi kali kuliko kijiji kilichokaa juu mtelemkoni. Mchana jua la mahali pa juu hupiga moja kwa moja na kurudishwa tena na weupe wa theluji, na pasipo upepo mtu huhisi joto ambalo kipimajoto hakilionyeshi. Badrutt alikuwa mwenyeji aliyezaliwa humo. Alikuwa anauza jambo alilolijua tangu utotoni, ambalo mgeni wa kiangazi hakuwa na njia ya kulijua.

Hapa ndipo masimulizi mengi huishia, na hapa ndipo tatizo la pili lilipoanza. Mgeni wa majira ya baridi alikuwa na sababu gani ya kuja tena? Katika miji ya Alpi jibu la kwanza lilikuwa ugonjwa. Davos, ng'ambo ya milima kuelekea kaskazini, ilipokea wagonjwa wake wa kwanza wa majira ya baridi mwaka 1865, ikawa mji wa tiba ya kifua kikuu. Mgonjwa ni mgeni wa kudumu. Hukaa miezi, wakati mwingine miaka. Ila mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu, na tangu hapo kila mtu akajua kwamba ugonjwa ule huambukizwa. Mji haukuweza tena kuwakaribisha kwa urahisi wenye kukohoa na wenye afya katika ukumbi mmoja wa chakula. Davos iliendelea na tiba, St. Moritz ikawaelekea wazima. Na mtu mzima, tofauti na mgonjwa, hachoki kuuliza: leo tunafanya nini?

Swali hilo la wageni walioshiba na wenye nguvu ndilo lililoijenga St. Moritz tunayoijua. Kulm ilitengeneza viwanja vya barafu kando ya hoteli kwa ajili ya kuteleza, na mwaka 1880 ikachezwa hapo mechi ya kwanza ya curling katika bara la Ulaya, mchezo wa Waskoti wa kusukuma mawe mazito juu ya barafu. Wageni vijana walichukua sleji za kubebea mizigo na kuteremka nazo katika njia za kijiji, wakabuni namna ya kuziongoza, na kuwapitia wenyeji waliokuwa wakienda zao. Malalamiko yalikuwa ya haki. Familia ya Badrutt haikuwakataza wageni wala haikuwapuuza majirani; iliutoa mchezo barabarani na kuupa njia yake.

Njia mashuhuri kuliko zote ni Cresta Run. Ilijengwa majira ya baridi ya 1884/85 na Meja W. H. Bulpett pamoja na kamati ya wageni wa Kulm iliyosimamia michezo ya nje, wakisaidiwa na Peter Badrutt, mtoto wa Johannes. Inaanzia karibu na mnara mkongwe wa kanisa la Mtakatifu Mauritius, mnara ulioinama waziwazi, ulio hatua chache kutoka hotelini, na kuteremka hadi Cresta, kitongoji cha kijiji jirani cha Celerina, kilichoipa jina. Urefu wake ni kama mita 1,212, na mteremko kutoka juu hadi chini ni mita zipatazo 157. Mpanda sleji hulala kifudifudi, kichwa mbele, kidevu kikiwa sentimita chache tu juu ya barafu, na breki zake ni meno ya chuma yaliyofungwa kwenye ncha za viatu, ambayo huyakwaruza nyuma yake anapotaka kupunguza mwendo. Walio hodari hufikia kilomita 130 kwa saa. Kwenye kona inayoitwa Shuttlecock ukuta umeachwa mfupi kwa makusudi: anayeingia kwa mwendo asioumudu hutupwa nje, akaangukia kwenye theluji na majani makavu yaliyotandazwa kumpokea. Aliyeangukia hapo huwa mwanachama wa chama cha walioanguka, mwenye haki ya kuvaa tai yake.

Nimekaa kidogo kwenye maelezo haya kwa sababu yanaonyesha ustadi wa kibiashara ambao dau la 1864 halina. Kila majira ya baridi njia ile hujengwa upya kwa theluji, maji na sepetu, na inapofika Machi huyeyuka. Hakuna mtambo wa kugandisha. Kwa hiyo mgeni aliyeizoea hana budi kurudi mwakani kuikuta ikiwa mpya, na ujuzi wa kona zake haupatikani mahali pengine popote duniani. Klabu ya wateleza sleji wa St. Moritz iliundwa mwaka 1887, ikawa na sheria zake, mashindano yake na mila zake, na hadi leo wanachama hukutana katika Sunny Bar ndani ya Kulm. Hoteli ilikuwa imeacha kuuza vyumba. Ilikuwa inauza uanachama wa jamii fulani, na chumba kikafuata chenyewe.

Johannes Badrutt hakusahau ndani ya nyumba. Mwaka 1878 alikwenda kwenye Maonyesho ya Dunia jijini Paris, akaziona taa za umeme, na akarudi na nia ya kuzipata. Katika muda mfupi tu ukumbi wa chakula wa Kulm uliwaka kwa taa za kwanza za umeme nchini Uswisi, zikiendeshwa na mtambo mdogo wa nguvu ya maji. Usiku wa Desemba milimani ni mrefu, na mwanga ule ulikuwa na maana kubwa zaidi hapo kuliko mahali pengine.

Ili kuuona vizuri uamuzi wa Badrutt, inafaa kuutazama mwingine uliofanyika kilomita chache tu kutoka hapo. Maloja, mwisho wa maziwa ya Engadin, Mbelgiji Camille de Renesse alijenga jumba kubwa la kifahari lenye mamia ya vyumba, lililofunguliwa mwezi Julai 1884. Mazingira yalikuwa yaleyale, jua lilelile, na fedha zilikuwa nyingi kuliko za Badrutt. Kipindupindu kilizuka Italia, mpaka ukafungwa, wageni hawakuja, na katika muda mfupi mradi ukafilisika. Inaweza kusemwa kwamba ni balaa tu, na kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo jumba lililojengwa lote kwa pamoja kwa fedha za mkopo lilihitaji wageni mamia kuanzia siku ya kwanza, na halikuwa na marafiki wa zamani ambao wangekuja hata wakati wa hofu. Kulm ilikua chumba kwa chumba, na kila upanuzi ulifuata wageni waliokwisha kuonekana.

Baada ya Johannes kufariki mwaka 1889 kazi ilisambaa. Mwanawe Caspar alifungua mwaka 1896 Hoteli ya Palace katikati ya kijiji, iliyosanifiwa na Chiodera na Tschudy wa Zurich, na hoteli hizo mbili zikawa wapinzani wa damu moja. Njia ya bobsleigh (sleji kubwa ya watu kadhaa yenye usukani) ya kwenda Celerina ilifunguliwa rasmi siku ya kwanza ya mwaka 1904, na Julai mwaka huohuo reli ya Albula ikafika St. Moritz. Sleji ya kuvuka Julier haikuhitajika tena. Mtu wa London aliweza sasa kulala ndani ya treni na kuamka katika theluji, na kijiji kile cha watu mia mbili kilikuwa kimevuka wakazi 3,000 kufikia mwaka 1910.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha upande wa pili wa mafanikio hayo. Jamii iliyojengwa juu ya wageni wa mataifa machache ilibaki tupu mipaka ilipofungwa, na mwaka 1915 serikali ya Uswisi ilipiga marufuku ujenzi wa hoteli mpya isipokuwa pale ambapo haja yake imethibitishwa, ili zile zilizopo zisizame. Mji ulijinyanyua kwa njia ileile ya michezo. Uliandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka 1928 na tena mwaka 1948, na mara zote mbili Cresta Run ikatumika. Mwaka 1948 medali ya dhahabu ya njia hiyo ilichukuliwa na Nino Bibbia, Mwitaliano aliyekuwa akiishi St. Moritz, ambaye familia yake ilifanya biashara ya matunda na mboga. Ushindi huo naupenda kuliko kumbukumbu nyingine yoyote ya mji ule: mchezo uliobuniwa ili kuwaburudisha wageni matajiri ulishindwa na mtu wa sokoni, na Italia ikapata kwake dhahabu yake ya kwanza ya majira ya baridi.

Olimpiki za 1928 zilikuwa na onyo pia. Upepo wa joto wa milimani, unaoitwa föhn, ulivuma katikati ya michezo. Joto likapanda hadi kufikia nyuzi 25 za Selsiasi wakati wa mbio za kilomita 50 za kuteleza kwa ski, na mashindano ya mita 10,000 ya kuteleza kwa viatu vya barafu yakavunjwa kwa kuwa barafu ilikuwa inayeyuka chini ya wachezaji. Hiyo ilikuwa siku mbaya ndani ya majira ya baridi ya kawaida. Leo, Alpi zikizidi kupata joto na barafu ya Morteratsch iliyo jirani ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, siku za namna hiyo haziwezi tena kuhesabiwa kuwa za ajabu. Kwa mji unaojivunia kuwa na njia pekee duniani ya bobsleigh iliyotengenezwa kwa barafu ya asili, jambo hili linagusa mzizi wenyewe wa biashara yake.

Kulm ya leo imo mikononi mwa familia ya Niarchos, wenye meli kutoka Ugiriki, na kibanda cha barafu kilichojengwa kando yake mwaka 1905 kimekarabatiwa kwa usanifu wa Norman Foster. Hufunguliwa kwa misimu miwili, baridi na kiangazi, na milango hufungwa katikati yake, theluji inapoyeyuka na tena majani yanapopukutika. Kuna mambo ambayo mafanikio yake hayawezi kuyafunika. Cresta Run iliwazuia wanawake tangu mwaka 1929, ingawa walikuwa wameshiriki tangu mwanzo, na haikuwafungulia tena hadi 2018. Kwa karibu miaka tisini jamii ile iliyouzwa kwa wageni ilikuwa ya nusu ya wageni tu, na sioni hoja iliyotosha kulihalalisha hilo. Aidha, wageni walioupenda mji kupita kiasi hawakuendelea kuwa wageni wa hoteli. Walijijengea nyumba zao, ambazo hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka, na bei ya ardhi ikapanda hadi mhudumu, mpishi na mwalimu wakalazimika kutafuta makazi mbali na mahali wanapofanya kazi. Machi 2012 wapiga kura wa Uswisi waliamua kwa kura ya maoni kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika wilaya yoyote ndogo. Sheria hiyo iliiathiri sana St. Moritz, ambayo ilikuwa imekwisha kuvuka kiwango hicho kwa mbali. Wapinzani walisema itaua kazi za ujenzi, na walikuwa na sababu ya kuhofu. Lakini hoteli inayolala watu wapya kila wiki huajiri mpishi, dobi, fundi wa mabomba na mkata barafu, ilhali nyumba iliyofungwa madirisha miezi kumi humwajiri mlinzi mmoja na mtunza bustani. Kwa mizani hiyo, bado nyumba ya Badrutt juu ya mteremko inaulisha mji kuliko majumba mengi mapya yaliyoizunguka.